Dagaa wa Mbalamwezi

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Naandika humu kwa sababu ofisini nimeambiwa nina mdomo. Daftari halina mkuu wa idara, litanivumilia.

Leo asubuhi Dk. Ndalahwa alituita watafiti wote wa idara yake akatusomea waraka kutoka Dar es Salaam. Serikali inapunguza wafanyakazi, na safari hii si wapishi na madereva peke yao. Mwisho wa Januari kamati ya kituo chetu cha utafiti itakaa. Mtafiti ambaye hana makala iliyokubaliwa na jarida linalotambulika, jina lake likiwa la kwanza, atashukuriwa kwa utumishi wake na kwenda nyumbani kufuga kuku. Kuku hawamo kwenye waraka, aliwaongeza mwenyewe. Nikauliza kama sharti hilo linawagusa na wakuu wa idara, maana sisi tulioajiriwa miaka ya karibuni hatujabahatika kuona makala yake. Wenzangu wakatazama viatu vyao. Ndalahwa akatabasamu, akasema, "Bibi Kokulinda, huo mdomo wako ungekuwa unaandika, ungekuwa profesa sasa hivi."

Basi nitaandika. Kazi ninayo. Tangu Mei nimekuwa nikivuka kwenda upande wa Sengerema, kwenye mwalo, ufuko wanaposhushia na kuanika dagaa, kupima kile ambacho hakuna aliyewahi kukipima: dagaa wanaoharibikia mchangani. Mvuvi akifika ufukweni analipwa hapohapo, dagaa wakiwa bado wabichi. Kuanzia hapo mvua, kunguru na mbuzi ni shauri la mwanamke aliyenunua na kuanika. Kwenye taarifa za serikali hasara hiyo inaitwa hasara ya sekta ya uvuvi. Sekta haijawahi kulia. Wanaolia ni akina mama.

Ijumaa, 10 Oktoba

Umeme hakuna. Nimeandika kwa mkono siku nzima.

Alhamisi, 16 Oktoba

Odeta, katibu muhtasi wa Ndalahwa, ndiye pekee mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta, kwa hiyo makala yangu lazima ipitie vidoleni mwake. Anachapa polepole kama anayechambua mchele. Kila ukurasa akiumaliza anaingia ofisini kwa bosi wake na kukaa kitambo. Sina shaka anampelekea habari. Nimemwambia Elias, mume wangu, akacheka: "Mama Precious, ukiendelea hivi utamshuku hata paka." Elias anafundisha kule Butimba kwenye chuo cha ualimu na anaamini watu wote ni wema mpaka wamuibie.

Ijumaa, 24 Oktoba

Makala imekamilika. Ikisiri, majedwali matatu, marejeo, kila kitu. Utaratibu wa kituo ni kwamba hakuna kinachokwenda kwenye jarida bila muhuri wa mkuu wa idara, kwa hiyo nimempelekea. Jarida nililolichagua liko Nairobi, linaheshimika, na wapitiaji wake, wale wanaozikagua makala, ni watu wa maziwa haya haya yetu.

Jumatano, 29 Oktoba

Kaniita. Makala ilikuwa mezani imefungwa vilevile kama nilivyoiacha, juu yake kikombe cha chai.

"Iko wapi mitumbwi?" akaniuliza.

"Mitumbwi gani, Daktari?"

"Makala ya uvuvi haina mtumbwi hata mmoja. Umekaa ufukweni na wanawake kama uko jikoni. Watatucheka."

Nikamweleza jambo analolijua fika. Kwenye mwalo ule mwanamke hapandi mtumbwi wa uvuvi. Akipanda, wanasema, nyavu zinarudi tupu mwezi mzima, na mtumbwi unaweza kususiwa na vibarua wote. Mimi sikubishana nao, maana nilichokifuata kilikuwa mchangani, siyo majini.

"Ndiyo maana nasema ina upungufu," akasema. "Upungufu wa kijinsia." Akajichekea. "Niachie. Nitaona namna ya kukusaidia."

Nilitoka mle bila kuaga. Miaka yote hii hajawahi kulowanisha hata soksi zake kwa ajili ya utafiti, halafu mimi niliyelala kwenye kibanda cha nyasi na viroboto ndiye niliyekaa jikoni!

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Redioni wanaiita Elnino, na kila mtu mjini sasa ni mtaalamu wa Elnino.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimevuka kwenda mwaloni kumwona Mama Sabina. Ndiye aliyenipa mahali pa kulala miezi yote ile, na dagaa wake ndio niliowapima zaidi. Nilimkuta amesimama kando ya mchanga wake, khanga kichwani, anatazama. Dagaa wa siku mbili walikuwa wamegeuka uji mweusi. Harufu ilinifikia kabla ya salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuwapima na hawa?"

Nikarudisha peni mkobani.

"Unatuandika, unatuandika," akasema. "Mvua imesoma? Yule mwenye mtumbwi nimemlipa juzi, yuko pale anakunywa. Hii yote ni yangu." Akapiga teke kidogo kwenye ule uji. "Haya, njoo ule. Ugali upo, kitoweo ndiyo hicho unachokiona."

Nilikula kwake, na niliporudi nilikuwa na hasira na mvua, na mwenye mtumbwi, na mimi mwenyewe niliyekwenda na peni badala ya turubai.

Jumatatu, 17 Novemba

Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Ndalahwa amenirudishia makala. Ukurasa wa kwanza: Ndalahwa, halafu koma, halafu Kokulinda. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikafungua ndani. Kuna sehemu mpya, "Uchunguzi Ziwani", na Jedwali la Nne, linaloonyesha dagaa waliovuliwa na mitumbwi ya mwalo ule usiku baada ya usiku, na maelezo kwamba uchunguzi huo ulifanywa na mwandishi wa kwanza akiwa ndani ya mitumbwi.

Hakuwahi kufika. Mwalo mzima haujui sura yake.

Na si hilo tu. Nimetazama tarehe. Tarehe kumi na nne Septemba hadi kumi na tisa. Nilikuwepo mwaloni wiki ile, na nilikaa bure, kwa sababu ilikuwa mbalamwezi! Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa kwa karabai gizani. Taa inawaita, wanapanda juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima ni taa, dagaa hawaji kwa mtu. Wiki hiyo wavuvi wanashona nyavu, wanakwenda kuona wake zao Magu na kwingineko, na waliobaki wanacheza bao. Hili halihitaji shahada. Usiku mmoja wa wiki hiyo mwezi ulipatwa, tukatoka wote ufukweni kuukodolea macho, na mitumbwi ilikuwa imelala kifudifudi mchangani nyuma yetu. Sasa Jedwali la Nne linasema usiku ule ndio walipata dagaa wengi kuliko siku zote.

Nikaingia bila kubisha hodi.

"Daktari, hizi ni siku za mbalamwezi."

Akatazama jedwali kama vile anamtazama mtoto wa jirani. "Kwani Nairobi wanahesabu mwezi? Wanahesabu takwimu."

"Na jina?"

"Jina linafuata mchango. Aliyekwenda majini ndiye mwenye uvuvi. Wewe umekaa pwani, kwa mila zao, si kwa kupenda kwangu. Lakini wa pili si haba."

Nilimwambia wa pili ni kuku. Nikamwambia waraka aliusoma yeye mwenyewe. Akasema kituo kinahitaji jina zito mbele ya makala, na kwamba ningali kijana, na kwamba atanikumbuka kwenye kamati, kwa kuwa mwenyekiti wake ni yeye. Nikasema sikubali jedwali lile liingie kwenye makala yangu. "Makala yetu," akasema, akachukua simu na kuanza kupiga, na mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya msiba.

Nyumbani nimemmwagia Elias yote. Amesikiliza, halafu akasema taratibu, "Jina la pili nalo ni jina, Mama Precious. Kaa naye vizuri mpaka Januari ipite." Vizuri! Nimefua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi.

Jumanne, 25 Novemba

Ameipeleka. Odeta ameniambia bila kuniangalia: bahasha ilikwenda Nairobi Ijumaa na mtu aliyekuwa akisafiri. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Mimi nachapa tu, dada Koku," akasema. Sitamsemesha tena huyu.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Barabara ya Magu imekatika, malori ya pamba yamelala njiani.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimeanza makala nyingine, ya harakaharaka, juu ya magugu maji. Kurasa nne, haina roho. Nimeichana.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya kusamehe. Nilitoka kwenda kumfuta Precious kamasi na sikurudi mpaka wimbo wa mwisho.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Sijui niandikeje. Ndalahwa ameniita leo, ameniketisha, ameniagizia chai. Amesema amefikiri sana wakati wa sikukuu. Amesema haki ni haki. Amewaandikia Nairobi kwamba palitokea makosa ya uchapaji kwenye mpangilio wa majina, na kwamba mwandishi wa kwanza ni mimi.

"Wewe ndiye wa kwanza," akasema. "Mimi nimezeeka, majina ninayo ya kutosha."

Nikasimama, nikamshukuru, nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwetu Bukoba kwa mkubwa. Moyoni nilikuwa najilaumu kwa kila nililowahi kusema juu yake. Nilitaka kuuliza habari za Jedwali la Nne, lakini ungeanzia wapi, mtu ameshakupa kikombe cha chai na kazi yako?

Elias amenunua samaki, sato mkubwa. Ameniambia, "Si nilikwambia?" mara nyingi mno, nami nimemwachia, ana haki leo.

Jumanne, 13 Januari

Barua ya mhariri imefika, imeandikwa kwa jina langu.

Wapitiaji wameisifu makala. Mmoja ameandika kwamba hajawahi kuona mtu akifuata hasara ya dagaa mpaka mkononi mwa aliyeibeba. Halafu anauliza: usiku wa Jedwali la Nne ni usiku wa mwezi mpevu, na yeye amekulia kando ya ziwa hili, upande wa Kisumu. Wavuvi hao walivua dagaa vipi? Na mhariri anaongeza kwamba swali hilo alikwisha kumuuliza Dk. Ndalahwa kabla ya Krismasi, naye akajibu kwamba jedwali hilo ni kazi ya Bibi Kokulinda, ambaye kwa haki ndiye mwandishi wa kwanza. Kwa hiyo mwandishi wa kwanza ajibu, kabla ya mwezi kwisha, na pasipo sahihi yake hakuna kitakachobadilishwa.

Kabla ya Krismasi. Alikuwa na barua mkononi alipokuwa akinimiminia chai! Nyumba ilishika moto, akanipa hati ya nyumba, nami nikampigia goti.

Nampigia goti nani tena katika maisha haya? Hakuna.

Jumatano, 14 Januari

"Jibu lake ni jepesi," Ndalahwa amesema nilipompelekea ile barua, wala hakuona haya. "Andika kulikuwa na mawingu. Mawingu yaliziba mwezi, wakavua."

"Septemba ilikuwa kavu, Daktari."

"Basi si mwezi ulipatwa? Hata magazeti yaliandika. Andika ulipatwa, giza likaingia."

"Giza la saa moja. Jedwali lako lina siku sita."

Ndipo akaacha mzaha. Akaniambia nisikilize vizuri. Mstari mmoja wa mawingu, makala inapokelewa, jina langu la kwanza, kamati inanipitisha. Nikijitia msema kweli, makala inakufa na mimi nimekufa nayo. "Na kumbuka, jedwali ni la mwandishi wa kwanza. Ni lako."

Nimemuuliza Elias. Amesema chuoni kwao nako wanasema majina ya watakaopunguzwa yanaandaliwa. "Mawingu hayajamuua mtu," akasema. Nimelala chumbani kwa Precious. Kinachonikera ni kwamba niliupanga ule mstari kichwani, neno kwa neno, na ulikuwa unasomeka vizuri.

Jumamosi, 17 Januari

Nimevuka tena. Kivuko kilichelewa, mvua ilitukuta katikati ya maji. Nilimweleza Mama Sabina yote, kwa maneno mepesi, tukiwa chini ya bati la jirani.

"Ngoja," akasema. "Hiyo karatasi inasema sisi huku tulipata dagaa siku za mbalamwezi?"

"Inasema mlipata sana."

"Wakubwa wakiisoma watasema nini? Watasema hawa wanapata mwezi mzima, hawapumziki, sasa wanalilia nini mvua ikiharibu wa siku mbili?" Alipandisha sauti mpaka wenye bati wakachungulia. "Wiki ile mimi nilikopa unga, mwanangu! Ulikula unga wa mkopo ndani ya nyumba yangu!"

Ni kweli. Nilikuwa nimelipigania jina langu tangu Novemba na sikuwa nimeliona hilo. Jedwali lile haliniibii mimi peke yangu. Linasawazisha hasara ya wanawake hawa mpaka inakuwa kitu kidogo cha kusikitisha kwenye ripoti, na kurasa zangu zote zilizobaki zinalibeba mgongoni.

Nilirudi na kivuko cha mwisho. Sikuwa na la kumuuliza mtu tena.

Jumatano, 21 Januari

Nimemwandikia mhariri. Jedwali la Nne liondolewe, pamoja na sehemu yote ya Uchunguzi Ziwani. Usiku wa tarehe hizo nilikuwa mwaloni, na hakuna mtumbwi wa dagaa ulioingia majini. Sikuzikusanya takwimu hizo na sijui zilitoka wapi. Kwa kuwa mchango wa mwandishi wa pili ulikuwa ni sehemu hiyo peke yake, jina lake liondoke nayo. Uchunguzi wangu ulifanyika ufukweni, kwa sababu mila ya mahali pale hairuhusu mwanamke kupanda mtumbwi, na msomaji aipime kazi yangu akijua hivyo.

Ilibidi nimpe Odeta achape. Alisoma mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza.

"Nichape hivihivi?"

"Hivihivi."

"Basi subiri nibadilishe utepe wa printa, huu umefifia. Hii isomeke." Akaamka akafunga mlango wa ofisi ya ndani, ule wa bosi. Akiwa ananipa mgongo akasema, "Dada Koku, kila ukurasa wako nilikuwa nahojiwa mle ndani. Nilikuwa namwambia bado hujafika kwenye matokeo, ndiyo maana nilikuwa nachapa taratibu."

Miezi mitatu nimemnunia huyu mtu. Nilimwomba radhi, akasema nimwache amalize kabla umeme haujakatika.

Alhamisi, 22 Januari

Nilimpelekea Ndalahwa nakala mwenyewe. Sikutaka aseme nimemzunguka. Alisoma akiwa amesimama.

"Jina langu liko wapi?"

"Limeondoka na mitumbwi yako."

"Hii haitoki hapa bila muhuri wangu."

"Makala ilikwisha kutoka na muhuri wako. Hili ni jibu la mwandishi wa kwanza, na wewe ndiye uliyewaambia kwamba ni mimi."

Mishipa ya shingo ilimsimama. Akaniuliza kama nafahamu kwamba kamati inakaa wiki ijayo. Nikasema nafahamu. Akaniuliza kama nina watoto. Hapo nilihisi hasira imenipanda mpaka masikioni, lakini sauti ikatoka pole kuliko nilivyotegemea. Nikaweka karatasi tupu mezani, na peni juu yake.

"Niandikie jina la mwenye mtumbwi uliopanda. Mmoja tu, Daktari. Mwalo mzima nawajua. Nikimuuliza akasema ndiyo, nalirudisha jina lako leo hii, na la kwanza."

Alitazama ile peni. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, na Odeta alikuwa ameacha kuchapa.

"Toka," akasema.

Nilichukua peni yangu nikaenda posta kulituma jibu kwa faksi.

Ijumaa, 30 Januari

Jana faksi iliingia kutoka Nairobi. Makala imekubaliwa, itatoka toleo la Juni, mwandishi ni mmoja. Odeta aliipeleka kwa Ndalahwa, mwenyekiti wa kamati, kabla hawajaketi, naye Ndalahwa akasaini kwamba ameipokea, akaiweka kwenye droo. Odeta alikuwa amenipigia fotokopi.

Leo mchana orodha ya wanaopunguzwa imebandikwa kwenye ubao karibu na mlango mkubwa. Nimo. Sababu iliyoandikwa: hana makala iliyokubaliwa.

Nilisimama nikaisoma mara mbili. Wenzangu walikuwa wamejaa pale, wengine wananipa pole kwa sauti ya chini, kama kwa mfiwa. Nikafungua mkoba, nikachomoa pini mbili kutoka kwenye orodha yao, ikaning'inia upande mmoja, nikaibandika faksi yangu kando yake. Mtu mmoja akaanza kuisoma kwa sauti. Mwingine akamwambia arudie tarehe: ya jana, kabla kamati haijaketi.

Ndalahwa alitoka ofisini kuona kelele ni za nini. Watu wakampisha mpaka ubaoni. Alivaa miwani yake na kusoma, na ilimchukua muda mrefu, ingawa ni karatasi fupi. Mimi sikwenda popote. Nilisimama pale pembeni yake mpaka akamaliza.